Siku nilipopuliza kwenye spektromita

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam. Spektromita ya infraredi, mashine inayopima mionzi ya joto inavyonaswa na kitu, ilikuwa moja, wanafunzi tele, na mwenye nayo alikuwa fundi sanifu wa maabara, mama mtu mzima ambaye hukugusa kitufe kabla hujamwamkia.

Kwanza tulipima hewa tupu. Mchoro ulipotoka, karibu na 2,350 (idadi ya mawimbi katika sentimita moja) palikuwa na mabonde mawili yaliyoshikana, yaani mahali mionzi iliponaswa. Nikauliza ni nini.

"Hewa ukaa hiyo, mwanangu. Kompyuta itaiondoa yenyewe."

Aliponiona bado nimekodoa macho, akafungua kifuniko. "Haya, puliza humo."

Nikapuliza, akapima tena. Mabonde yakadidimia, na kule mwisho, kwenye 667, likachimbika jingine, jembamba na refu.

Hilo la 667 ndilo lililonishika. Sentimita moja ni mikromita 10,000; gawa kwa 667, unapata urefu wa wimbi, mikromita 15: mionzi ambayo ardhi yetu huitoa kwa wingi, usiku na mchana. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, hazikuacha hata mkwaruzo. Molekuli zake ni atomu mbili zinazofanana. Zikitikisika, chaji ya umeme haiyumbi upande wowote, mionzi inapita. Hewa ukaa ikijipinda, inainasa. Mwanafizikia John Tyndall alishaona tofauti hiyo kwa vyombo vyake London mwaka 1859, na mimi nilikuwa naiona kwa pumzi yangu.

Nikatoa swali nililotoka nalo sekondari: angahewa ya Mirihi ni hewa ukaa asilimia 95, mbona kuna baridi kali vile?

Mama akaweka kidole kwenye mchoro. "Usitazame kina tu, tazama na upana. Kila bonde ni mistari mingi myembamba iliyosongamana. Gesi ikibanwa, molekuli zinagongana, mistari inatanuka. Mirihi kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, haifiki hata asilimia 1 ya hapa. Mistari inabaki myembamba, joto linapenya katikati. Na mvuke wa maji wa kuziba hayo mapengo karibu haupo. Zuhura je? Kanieneo mara 90 ya yetu, joto nyuzi 464 za Selsiasi. Metali ya risasi inayeyuka."

Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mazoezi. Juu ya kila mita ya mraba, Mirihi ina hewa ukaa zaidi ya mara 20 ya yetu! Nikamwonyesha. Akaipitia mstari kwa mstari, wenzangu wakinung'unika kwenye foleni, kisha akanirudishia.

"Sawa. Sasa andika kanieneo pembeni ya kila sayari."