Siku moja ICU na mgonjwa wa kichwa

Watu wakisikia nesi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wanadhani kazi ni kukaa pembeni ya mashine mpaka ilie. Mimi siku nzima napiga hesabu ya kutoa, na hiyo ndo inaniambia kama ubongo wa mtu unapata damu ya kutosha.

Saa 1 asubuhi nimepokea zamu. Kijana, ajali, kichwa kimeumia, anapumua kwa mashine, ana waya wa kupimia presha ndani ya fuvu na mrija kwenye mshipa wa mkono. Wastani wa presha ya damu 84, ya ndani ya fuvu 17, toa, inabaki 67. Hiyo 67 ndo nguvu inayosukuma damu ifike kwenye ubongo, na kwa mtu mzima kama huyu tunaitaka icheze kati ya 60 na 70.

Saa 2 mpaka saa 6 ni dawa, kumgeuza, kumulika mboni, kusafisha mdomo, kuandika.

Saa 7 ndugu wakaingia. Nageuka kuchanganya dawa, nasikia alamu: fuvu 29, wastani 86, imebaki 57. Nikaanza kukagua. Kipimo cha presha ya damu kiko usawa wa tundu la sikio? Kipo (kikiwa usawa wa moyo wakati kichwa kimeinuliwa kinakudanganya, unadhani ubongo unapata zaidi ya unachopata). Homa hana, kaboni dayoksaidi iko sawa, mrija wa kupumulia haujakunjika. Kumbe shingo! Kuna mtu kaongeza mto, kidevu kimegusa kifua, mishipa ya shingo imebanwa, damu inaingia kichwani ila kushuka inashindwa, na fuvu halitanuki. Nikatoa mto, nikanyoosha kichwa, kitanda digrii 30, daktari akaja akasema tuongeze dawa ya kupandisha presha ya damu wakati tunasubiri fuvu litulie.

Sasa hapo ndo kaka yake akasimama mbele ya monita. Sista, hii 135 (namba ya juu ya presha ya damu, sio ule wastani) si iko juu? Mbona mnampandisha badala ya kumshusha, mtampasua mishipa, halafu mto mmemnyang'anya, shingo itamuuma. Nikamweleza, akauliza tena, nikaeleza tena huku nimeshika mrija wa kunyonya makohozi, maana akikohoa tu ile ya fuvu inaruka, kwa hiyo unanyonya sekunde chache unaacha apumzike, na kaka bado anauliza. Mwisho nikamwambia kaka, angalia namba mbili, sio moja, hii toa hii, kinachobaki ndo chakula cha ubongo wa mdogo wako, tukishusha hiyo ya juu leo tunamnyima. Akanyamaza. Simlaumu, huko nje kila mtu ameambiwa presha ya juu inaua, na ni kweli, ila huyu yuko kwenye hali nyingine kabisa.

Baada ya hapo masaa yamechanganyikana, fuvu 27, 24, 20, miguu inawaka moto, chai sijagusa, kila nikitaka kukaa namba inasogea nasimama tena, dawa ya presha tunaipunguza kidogo kidogo. Jioni kaka karudi mlangoni kauliza, sista, imebaki ngapi? Nikamwambia 68.

Wa usiku nimemkabidhi hivi: fuvu 16, mboni zote zinaitika mwanga, usimnyonye bila sababu, na mto usirudi.