Siku moja na tanki langu la chambo, Hombolo

Saa 10 alfajiri

Kabla sijafumbua macho, nasikiliza. Nyuma ya ukuta wa chumba changu kuna tanki, na juu ya tanki kuna ndoo yenye matundu inayomwaga maji usiku kucha, kama mvua inayovuja kwenye bati bovu. Mlio ukiwepo, najigeuza upande wa pili nalala dakika kumi zaidi. Ukikatika, hata kama naota niko harusini, naamka na kukimbia bila kandambili.

Leo upo. Natoka na tochi.

Nauza chambo hai kando ya bwawa la Hombolo, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Vifaranga vya kambare kwa wanaotega ndoano usiku, nyungunyungu kwa wanaovua perege. Hapa wananiita Mama Chambo. Nilichukia mwanzoni, sasa hata mwalimu wa mwanangu ananiita hivyohivyo.

Tochi naimulika pembeni, si juu yao, maana mwanga wa ghafla unawafanya waruke na kujigonga. Kambare ana kiungo juu ya mashavu, chekundu, chenye matawi kama kichaka kidogo, kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Kwa hiyo kifaranga mmoja mmoja akipanda, akagusa uso wa maji na kushuka, hiyo ni pumzi yake tu. Ninachoogopa ni kuwakuta wote juu, wamesimama wima, midomo nje, kama abiria wanaogombea dirisha la daladala.

Nachovya kiganja, nanusa. Maji mazuri hunuka kama udongo uliolowa. Yakichoma pua kidogo, kama zizi la mbuzi lililofungwa, siku imeharibika kabla haijaanza. Kipima joto kinasema 24. Haya.

Saa 11

Wavuvi wanaanza kufika. "Mbukwenyi!" "Mbukwa!" Kila mtu na ndoo yake, na kila mtu ana haraka.

Mimi sina haraka. Wiki iliyopita kijana mmoja alirudi akilalamika kwamba nimemuuzia wafu. Nikamuuliza alifanyaje. Alifika bwawani, akamwaga maji ya tanki langu, akachota ya bwawa, akajaza. Sasa maji yangu yalikuwa na joto lake na ya bwawa lake, na maji ya Hombolo yana chumvi, hilo kila anayemwagilia mboga hapa analijua. Kifaranga hawezi kuhamishwa kutoka maji haya kwenda yale kama mtu anayebadilisha shati. Unaongeza kikombe cha maji ya bwawa, unasubiri, unaongeza kingine. Robo saa inatosha. Nikampa kumi bure, ila nilimfanya arudie maelezo yangu mbele ya wenzake. Leo amekuja, anachanganya maji kwa kikombe huku akinitazama kama mwanafunzi anayetaka alama.

Halafu kuna babu. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, na maneno yake ni yaleyale kila asubuhi: "Kambare anakula sabuni. Kipande cha mche, ndoano, basi. Wewe unawauzia watu samaki ili wakamate samaki." Wote wanacheka. Mimi pia nacheka, lakini nimeona kweli wakitumia sabuni na wakipata, kwa hiyo sibishani. Babu hanunui. Anakuja kunywa chai yangu.

Wateja tisa, vifaranga 140. Nawatoa kwa wavu laini, mkono nimeulowesha kwanza. Mkono mkavu unakwangua ule ute wa ngozi, na kifaranga aliyekwanguliwa ute hufa kesho yake, mikononi mwa mteja, na jina linalochafuka ni langu.

Saa 1 asubuhi

Hii ndiyo kazi ninayoweza kuieleza kutwa nzima: kuchambua kwa ukubwa.

Kambare hula wenzao. Si lazima wawe na njaa, inatosha mmoja awe mkubwa kuliko mwenzake. Mwaka wangu wa kwanza nilileta kundi kutoka Morogoro kwa basi, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni, theluthi moja maji na iliyobaki hewa. Walifika wazima wote. Nikawamwaga pamoja, nikaenda msibani siku tatu. Niliporudi walikuwa wamepungua karibu nusu, na wala sikuona maiti hata moja. Nilimshuku paka. Nikamshuku jirani. Mpaka nilipomwona mmoja, kanona kama kidole gumba, mkia wa mwenzake unaning'inia mdomoni bado unapapatika.

Tangu hapo nina mabeseni matatu na chujio mbili. Ya kwanza ni kapu la plastiki la sokoni lenye matundu mapana: wanaopita ni wadogo, wanaobaki ni wakubwa. Ya pili fundi alinitobolea ndoo kwa msumari wa moto. Kila baada ya siku nne au tano nawapitisha wote. Wakubwa waliopitiliza hawarudi tankini. Wanaingia kwenye sufuria yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Tanki lenyewe lilikuwa simtanki la lita 500 lililopasuka kitako, mwenyewe aliliacha kwa bei ya kutupa. Fundi akalichomelea plastiki, akakata juu. Bahati yangu ni kwamba ni la duara. Nilianza na boksi la mbao lililotandikwa turubai, na vifaranga walikuwa wanarundikana kwenye kona na kukanyagana. Kwenye duara hakuna kona, wanazunguka tu.

Ndoo ya juu ndiyo figo ya mtambo. Pampu ndogo inapandisha maji, yanapita kwenye kokoto, vizibo vya soda vya plastiki na kipande cha wavu mzee, yanarudi chini kwa matundu. Kwenye hizo kokoto kuna vijidudu vinavyoigeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye mashavu na kinyesi cha samaki, iwe kitu chenye madhara madogo. Havionekani, na havinunuliwi dukani. Vinahitaji mwezi na zaidi kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo ukiona mtu amejenga tanki Jumatatu na Jumanne ameingiza samaki mia tano, mpe pole mapema. Na ukiosha kokoto kwa maji ya bomba zing'ae, umeviua, unaanza upya. Mimi nazisuuza kwa maji yaleyale ya tanki, kwenye beseni, zikiwa bado chafu kidogo.

Saa 3

Chai, kiporo cha viazi, na chakula chao: pumba, dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, vimekandwa na kukaushwa. Nawapa wanachomaliza ndani ya dakika tano. Waliochaguliwa kuuzwa kesho hawapati kitu leo, maana samaki mwenye tumbo tupu hachafui ndoo ya mteja.

Mwana wa dada yangu, anayekaa kwangu, anawaonea huruma. Jana nilimkuta akiwatupia ugali kwa siri. Nimemwambia kwamba samaki wote niliowahi kuwazika wameuawa na kitu nilichowaongezea mwenyewe.

Saa 5

Navuta uchafu wa chini kwa mpira, maji yanakwenda kwenye mche wangu wa mpapai, ambao mwaka huu umebeba kwa fujo. Karibu robo ya tanki. Ya kujazia yamekaa kwenye pipa wazi tangu jana asubuhi.

Hili la pipa lilinigharimu. Siku moja nilichelewa, nikaweka mpira wa bomba moja kwa moja tankini. Maji ya bomba yana klorini, na ndiyo inayotukinga sisi na kipindupindu, sina ugomvi nayo. Lakini ilipogusa mashavu ya vifaranga, kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeokota zaidi ya 200. Maji hayohayo ukiyaacha wazi juani kutwa na kucha, klorini inaruka yenyewe. Anayeona ni kazi ngumu ajaribu kuokota 200 kwa mkono.

Saa 7 mchana

Mwezi wa kumi Dodoma. Mvua ziko Desemba, na jua linafanya kazi ya siku zote kwa siku moja. Mbwa wamelala chini ya mwarobaini, kuku wamefungua midomo.

Maji yakipata moto yanashindwa kubeba hewa. Kwa nyuzi 20 lita moja inabeba oksijeni kama miligramu 9, kwa nyuzi 30 inashuka mpaka kama 7 na nusu, na sisi tulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari tunapata pungufu ya hapo. Wakati huohuo samaki mwenye joto anahema zaidi, na amonia kwenye maji ya moto inakuwa kali zaidi. Yote matatu yanakuja kwa wakati mmoja.

Kinga yangu ni gunia. Tanki limezungushiwa magunia ya katani, na kila baada ya saa moja nayamwagia maji. Hewa ya huku ni kavu, gunia linakauka haraka, na linapokauka linaondoka na joto, ni kazi ileile ya mtungi wa bibi uliokaa pembeni ya mlango. Bila magunia nilishawahi kusoma 32. Leo ni 27.

Juu kuna kifuniko cha makuti, nacho kina kisa chake. Zamani niliacha wazi, maji yakawa ya kijani, nikafurahi, nikadhani yamerutubika. Mchana walicheza vizuri. Kila alfajiri nikakuta wamekufa wachache. Ule ukijani ni mimea midogo: mchana inatoa oksijeni, usiku inaivuta kama sisi, na kabla ya jua kuchomoza inakuwa imeshagombania hewa na samaki na kuwashinda. Ilinichukua wiki tatu kuelewa, kwa sababu nilikuwa nachunguza mchana.

Saa 8 na dakika 20

Mlio umekatika.

Umeme. Sikusubiri. Pampu ndogo ya hewa ina betri ya pikipiki inayochajiwa na sola, nikaiwasha, mapovu yakaanza kupanda. Lakini ile betri imechoka, mwezi huu haimalizi saa mbili. Basi mimi na mwana wa dada yangu tukashika majagi: kuchota, kunyanyua juu, kumimina. Watoto wa jirani walikuja kutazama, nikawapa vikombe. Kwa dakika arobaini uwanja wangu ulikuwa kama shule ya chekechea siku ya mvua, kila mtu amelowa na hakuna anayekumbuka alianza kwa nini. Nikawatoa vifaranga 60 na kuwahamishia kwenye pipa la akiba, ili waliobaki wapate nafasi.

Hapo ndipo idadi inapokuokoa. Zamani nilikuwa naweka 900 kwenye tanki hili. Sasa sizidishi 300. Umeme ukikatika, 900 wanakupa muda mfupi tu. 300 wanakupa muda wa kutafuta majagi.

Umeme ulirudi saa 10 kasoro. Waliokufa: wanne.

Saa 11 jioni

Nyungunyungu hawana makuu. Wanakaa kwenye kreti la mbao kivulini, ndani kuna samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mpaka ikapoa, udongo na maganda ya ndizi. Samadi mbichi inapata moto na kuwapika. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Nawauza kwa kopo lenye matundu kifunikoni, na udongo kidogo juu.

Akafika mteja wa mjini, mmoja wa wale waliohamia na serikali, mwenye fimbo ya kuvulia inayorefuka kama antena ya redio. Mtu mstaarabu. Alichukua makopo mawili na vifaranga ishirini, akaniuliza: "Watakaobaki niwaachie bwawani, dada? Nitakuwa nimewasaidia."

Hapana, kaka. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1957 juu ya mto Kinyasungwe, na huo unakwenda mpaka mto Wami. Ukiachia humu samaki aliyekulia kwenye tanki la mtu, na ugonjwa wake umeuachia. Nirudishie, nitawaweka kwenye beseni la peke yao. Alishangaa, akakubali.

Saa 2 usiku

Ugali wa uwele na mlenda. Daftari: vifaranga 172 wameuzwa, makopo 6, wanne wamekufa, wanane wamelipiwa kwa ahadi. Betri ya pikipiki nimeiandika peke yake kwenye ukurasa mzima, na bei yake nimeizungushia duara.

Nikiwa nafunga mlango, hodi. Babu. Mkononi amebeba kambare mrefu kama mkono wake, amempitisha kamba ya mkonge kwenye mashavu. Akamweka chini pale kwenye taa ili kila mtu amwone.

"Sabuni," akasema.

"Hongera, babu."

Akakaa kimya kidogo, anasikiliza ndoo inavyomwaga maji nyuma ya ukuta. Kisha akakohoa.

"Mche umeisha, mwanangu, na duka limefungwa. Hebu niwekee ishirini, saa 11 napita."