Protini zenye umri wa Bibi

Kuna jambo nimelisoma limenikaa kichwani: katikati ya lenzi ya jicho langu zimo protini zilizotengenezwa nikiwa bado tumboni mwa mama, na hazijawahi kubadilishwa. Seli za pale zinapokomaa hupoteza viini vyake ili mwanga upite, na seli isiyo na kiini haitengenezi protini mpya. Za Bibi, basi, zina miaka 80 na ushei.

Yeye ndiye aliyenitia kwenye haya masomo. Alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari alisema tu kwamba protini zimegandana, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nikabaki najiuliza: mbona zimegandana sasa, si zamani?

Protini huanza kama mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoijenga, kisha hujikunja mpaka ipate umbo lake. Bila umbo hilo haina kazi. Christian Anfinsen, mwanakemia wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1972, alionyesha kuwa protini ndogo inaweza kujikunja yenyewe ndani ya neli ya maabara. Sawa, lakini ndani ya neli kuna nafasi. Ndani ya seli ni msongamano mtupu, na zile sehemu za mnyororo zinazokimbia maji, kabla hazijajificha ndani ya mkunjo, hunata kwa chochote kilicho jirani. Hapo ndipo shaperoni huhitajika: protini zinazozilinda protini nyingine.

Ninayoipenda zaidi ni ya bakteria, GroEL. Ni pete mbili zilizopandana, kila moja ina vipande 7, katikati kuna uwazi. Protini iliyokwama huingia humo, kifuniko hufunga, hupewa sekunde chache za kujikunja bila bughudha, kisha hutolewa, imekamilika au la. Kama bado, huingia tena. Umbo lenyewe halitoki kwa GroEL, limo kwenye mpangilio wa mnyororo tangu mwanzo. Kazi hiyo yote hula nishati, yaani ATP.

Shaperoni ya kwenye lenzi haina anasa hiyo. Inaitwa alfa-kristalini, na Joseph Horwitz ndiye aliyeonyesha mwaka 1992 kwamba nayo ni shaperoni. Haitumii ATP, haikunji kitu. Huidaka protini iliyoanza kulegea na kuing'ang'ania isije ikagandana na wenzake, maana zikigandana lenzi hugeuka nyeupe kama ute wa yai kikaangoni. Jua, kisukari, sigara na umri wenyewe huongeza protini za kudakwa, ilhali shaperoni za katikati ya lenzi ni zile zile za akiba, nazo hujaa mzigo mpaka hakuna iliyobaki huru. Nikiwaza hivyo, namshangaa Bibi alivyotunga uzi kwenye sindano miaka yote ile.

Shangazi sasa ananiuliza habari za matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho. Mwaka 2015 kweli ilitoka taarifa kwamba kemikali iitwayo lanosteroli ilipunguza ukungu kwenye macho ya mbwa, watu wakashangilia. Ilipojaribiwa kwenye lenzi za binadamu zilizotolewa kwa upasuaji, ukungu haukuondoka. Nimemwambia asitoe hela yake kwa wanaouza vichupa mtaani, tuiweke kwa ajili ya jicho la pili.