Mark Twain na madeni yake
Jana usiku nimekesha nikisoma maisha ya Mark Twain, mwandishi Mmarekani wa vichekesho, na kilichonishika si vichekesho. Ni madeni! Jamaa alizamisha fedha zake, na za mkewe Olivia, kwenye mashine ya kupanga herufi za chapa ambayo haikuisha kuharibika. Mwaka 1894 akafilisika. Kisheria hakulazimika kulipa yote, lakini mzee wa karibu miaka 60 akapanda meli 1895, akazunguka Australia, India hadi Afrika Kusini akichekesha watu kwa kiingilio. Kufikia 1898 wadai wote walikuwa wameshalipwa.

Halafu 1905 akamgeukia Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa kijitabu cha kejeli kuhusu unyama wa utawala wake huko Kongo. Hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Wenzangu, nyie mmesoma kipi chake?