Rival Dealer: hivi sukari ikizidi ndo kosa?

Jana usiku umeme umekatika, simu ina asilimia 40, nikasema ngoja nisikilize kitu cha nusu saa nilale, nikaangukia Rival Dealer ya Burial, mtayarishaji wa muziki wa kielektroniki wa London. Ni EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya Desemba 2013, nyimbo tatu tu, dakika kama 28 hivi, lebo ni Hyperdub ya London. Nikakumbuka ule ugomvi wake.

Maana watu walibishana jamani. Kwanza uelewe Burial ni nani kwa mashabiki wake. Jamaa hapigi shoo, mahojiano yake ya kuhesabu, hata jina lake lenyewe, William Bevan, lilikuja kujulikana 2008 baada ya magazeti ya Uingereza kuanza kumwinda. Albamu yake ya Untrue ya 2007 ni giza tupu, mvua, santuri inakwaruza, sauti za waimbaji zimevutwa na kukatwakatwa mpaka hujui ni mwanaume au mwanamke. Watu wakamzoea hivyo, kwao Burial ni London saa tisa usiku, umekaa nyuma kwenye basi umeegemea kioo. Sasa mtu huyo huyo anakuja na Hiders, wimbo wa pili wa EP hii, kinanda kinalia taratibu kama kwaya inajiandaa, afu katikati zinaingia dramu za miaka ya 80 kabisaaa, zile nzito zenye mwangwi, puh! puh! Wapo waliosema jamaa kalainika, kazidisha sukari, muziki wa mwisho wa filamu huu.

Wahakiki wengi lakini waliisifu, wakaona kathubutu. Nawaelewa, ila naona wengine walisifu kwa kujihami kidogo, kama mtu anayekula pipi mbele za watu anaanza kueleza kwa nini anakula.

Mi nilikuwa nimeweka spika ya simu, dada yuko pembeni anachambua mchele kwa taa ya chaji. Rival Dealer yenyewe, wimbo wa kwanza, ilivyoanza, zile dramu za jungle (muziki wa kasi wa klabu za Uingereza) zinakimbizana, akaniambia punguza hilo likelele. Ilipofika Hiders akanyamaza. Dramu zikaingia, akasema "we, mbona kama zile za baba za Jumapili?" Anamaanisha Lionel Richie na wenzake. Na ungo ukawa unaenda na biti, namwona kabisa.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini ule ubishi haukuwahi kuniingia. Sisi tumelelewa na taarabu, na zilipendwa za redioni, mtu anaimba kaachwa, analia wazi wazi, anamtaja na mpenzi, na hakuna anayemwambia kazidisha. Kule kwa wapenzi wa muziki wa giza kusema "nakupenda" bila kuficha ni kama umetoka nje na taulo.

Halafu Burial mwenyewe akatuma ujumbe, mtangazaji Mary Anne Hobbs akausoma BBC Radio 6 Music, kwamba alitaka ziwe nyimbo za kupinga uonevu, zimsaidie mtu ajiamini na ajue kuna anayemjali. Vizuri sana, ila kwa kweli ule ujumbe ulibana mjadala, maana ukishaambiwa hivyo nani tena atasema wimbo wa tatu mrefu mno? Haya nasema mimi. Come Down to Us ni dakika 13 na pale katikati unalegea, nilicheki simu mara mbili.

Ila mwisho wake sikati hata sekunde. Kuna kipande cha hotuba ya Lana Wachowski, mmoja wa waliotengeneza filamu ya The Matrix, ya mwaka 2012, alipokuwa ndo kwanza amejitokeza hadharani kama mwanamke aliyebadili jinsia. Kuna waliolalamika kwamba imewekwa wazi mno, Burial wa zamani angeificha nyuma ya mvua, na kwa hili moja tu mimi miaka ile nilikuwa upande wao. Jana nikaona si ndo yenyewe, EP nzima watu wamejificha, hata jina la wimbo, Hiders, yaani wanaojificha, linasema, sasa huyu mmoja anaongea kwa sauti yake, haijavutwa wala kukatwa, na wewe unataka afichwe tena?

Simu ikafika asilimia 22 nikazima. Asubuhi dada ananiuliza ule wa Jumapili nimtumie WhatsApp, "ila usinitumie lile likelele la kwanza".