Nairobi hadi Kigali na mume wangu, kwa elfu arobaini na kitu

Kila tuliyemwuliza alitupa maneno yaleyale: pasipoti kwanza, kisha dola, kisha kampuni ya kuwapangia safari. Nakereka hadi leo, kwa sababu ushauri huo umewafanya wengi wabaki nyumbani. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha kitaifa. Dola hatukuigusa hata moja. Siku tisa, watu wawili, nauli za kwenda na kurudi zikiwemo, zilitugharimu kama Sh 45,000.

Mkiwa wawili, zitengeni gharama kabla ya kuondoka. Nauli ya basi haipungui, viti viwili ni viti viwili. Chumba ndipo penye nafuu, lakini ulizeni hivi: "Bei hii ni ya chumba au ya mtu?" Gesti nyingi za Kampala hukutajia bei ya chumba cha mtu mmoja na ya wawili, na ukiingia unakuta kitanda ni kilekile cha futi nne kwa sita. Tulikuwa tunaomba kuonyeshwa chumba kwanza, kisha tunalipia kile cha bei ndogo tukisema wazi kwamba tutalala wawili. Mara mbili walikubali, mara moja wakakataa.

Basi la usiku kwenda Kampala huokoa pesa ya malazi ya siku moja, mradi lisiwe la mapema mno. Likiwafikisha saa kumi na moja alfajiri, gesti itawatoza usiku mzima kwa kulala muda wa saa tatu tu. Chagueni la kufika saa mbili au tatu asubuhi, mwache mizigo mapokezi, mwende kula katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na nyama au maharage.

Sasa kadi ya homa ya manjano. Wengi wanajua lazima uwe nayo, na kwamba chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo huwezi kuchomwa leo ukasafiri kesho. Wasichokuambia ni kuilinganisha na kitambulisho, herufi kwa herufi. Zahanati moja ilimwandikia mume wangu majina mawili badala ya matatu, na nafasi ya nambari ya kitambulisho ikaachwa tupu. Mpakani, usiku wa manane, akawekwa kando huku abiria wenzetu wakipita. Wakati huo basi linavuka kuwasubiri upande wa pili, na utingo anahesabu vichwa. Hapo kuwa wawili kulitusaidia. Mimi nilikuwa nimeshapita, basi nikaenda kusimama mlangoni mwa basi, nikakataa kupanda. Utingo akiona mke yuko chini, hamwambii dereva aondoke. Kilichomtoa mume wangu ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo ilifanana kwenye kadi na kwenye kitambulisho, pamoja na sahihi aliyotakiwa kuirudia mbele yao. Ilichukua kama dakika arobaini. Kwa hiyo kagueni majina, tarehe, nambari na muhuri mkiwa bado mbele ya muuguzi. Chanjo yenyewe ni ya maisha, hakuna kurudia kila miaka 10 kama zamani.

Pesa: kwa wabadilishaji wanaosimama barabarani mpakani, chukueni ya bodaboda na kifungua kinywa tu. Mmoja apige hesabu kwenye simu yake mwenyewe, mwingine ahesabu noti moja moja zikiwa zimekunjuliwa, kwa sababu noti iliyokunjwa huhesabiwa mara mbili. Nyingine badilisheni katikati ya Kampala.

Kabla ya Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, toeni kaveera (mifuko ya plastiki) zote mlizofungiwa vitu Uganda. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mizigo hufunguliwa pale. Hamisheni chakula kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa mkiwa bado Kampala.

Kigali hesabu ya wawili inabadilika. Kampala mtabebwa mishikaki kwenye boda moja. Kigali pikipiki huchukua abiria mmoja, naye avae kofia ngumu. Wawili mnalipa pikipiki mbili, kwa hiyo pandeni mabasi. Kondakta hapokei pesa mkononi; nunueni kadi ya Tap&Go pale Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi. Sisi tulitumia moja, tukaigusisha mara mbili. Malazi tulitafuta mtaa wa Nyamirambo, ambako Kiswahili kinatosha kuulizia bei na kuiteremsha. Mchana kuleni melanji: unapakua mwenyewe, lakini sahani hujazwa mara moja tu, kwa hiyo ipangeni vizuri, maharage na viazi chini, mboga juu. Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi hayana kiingilio. Tengeni nusu siku nzima, msiyapitie mbio.

Angalieni pia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Rwanda ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, na hadi kama saa tano asubuhi maduka yamefungwa na usafiri ni wa shida. Msipange kuingia mjini asubuhi hiyo.

Siku ya kurudi, kumbukeni Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Basi la saa kumi na mbili asubuhi Kigali ni saa moja ya Nairobi na Kampala, na ukikadiria muda wa kufika Kampala bila kuiongeza saa hiyo, utaikosa gari ya kuunganisha. Faranga zilizobaki tulizimaliza Nyabugogo, kwa maji na chapati za njiani.