Mfuko umekubali kukaa ndani ya pipa

Leo nimetoa pipa la vumbi, nimefunga mfuko na kuubeba hadi nje bila kupiga chafya hata moja. Miezi minne nimeitafuta siku hii hapa kwenye karakana yangu ya useremala, Kibuye, Kisumu.

Saikloni, ile koni inayozungusha hewa ya mashine ili maranda na unga wa mbao vidondoke kabla ya chujio, haijawahi kunisumbua. Imekaa juu ya pipa la bluu la lita 210, feni inavuta, maranda yanashuka. Taabu ni mfuko. Ukiutandika ndani ya pipa ukawasha mashine, unanyanyuka wote, unaziba koo la saikloni, na unga unapitiliza hadi kwenye chujio. Feni inanyonya hewa hata ya ndani ya pipa, na ile iliyonaswa nyuma ya mfuko inausukuma juu.

Nilifunga mdomo wa mfuko kwa blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi. Mdomo ulishika, tumbo likapanda. Nikatoboa matundu, unga laini ukapenya ukajaa nyuma ya mfuko. Waya wa kuku ndani ya mfuko ulifanya kazi vizuri mpaka siku ya kuuchomoa: ncha zilipasua nailoni toka juu hadi chini, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa umeshaanza. Unga wa saipresi ulimwendea jirani kwenye meza aliyoipiga vanishi saa hiyo hiyo. Niliipiga msasa na kuipaka upya mwenyewe. Iliniuma sana.

Dawa imekuwa fomaika, ile shiti nyembamba ngumu ya kufunika meza. Nilikuwa na shiti iliyovunjika kona. Nikakata sentimita 190 kwa 75, nikaikunja, nikaiteremsha ndani ya mfuko na kuiachia. Ikajifungua yenyewe, tap!, ikaubana mfuko ukutani pande zote. Upande laini unatazama ndani, na kingo nimezipiga msasa hadi kidole kinateleza. Pipa likijaa, naivuta fomaika polepole, unga unabaki, nafunga mdomo kwa blada. Sinunui klempu tena. Blada inashika kuliko zote nilizowahi kulipia.

Barakoa bado naivaa. Unga wa mbao uliwekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995, na ule unaodhuru zaidi ndio usiouona.

Nilipanga kuweka dirisha la plastiki kwenye pipa nione likijaa. Limesubiri, kwa sababu mama mmoja mfugaji wa Mamboleo amepita akaona mifuko imefungwa safi.

"Fundi, haya maranda nipe ya kuku."

"Mama, haya yamechanganyika na MDF, zile mbao za unga ulioshindiliwa, ile ina gundi ndani. Nipe wiki moja nikutengee ya randa peke yake."

Kwa hiyo nataka pipa la pili, la mashine ya randa tu, mbao tupu. Pipa nimeshapata. Fomaika iliyobaki ina upana wa sentimita 47, haifiki juu. Kesho naijaribu ikae chini, sehemu ya juu nizungushie blada mbili, nione kama mfuko utatulia.